Vidole Vyangu Kwenye Karatasi ya Mzee

Mzee alikufa kwa homa ya mapafu siku chache kabla barua yake haijapelekwa. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha magunia, hapa Nakuru. Miaka ile ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na wakoloni, watu walikuwa wakizolewa kwa malori, wengine wakiingia msituni na silaha. Yeye alitufundisha kudai haki bila kuinua mkono. Wanawake wa kiwandani walipekuliwa langoni kila jioni na askari wanaume, mbele ya wapita njia, mpaka ndani ya nguo, ati wanaiba uzi. Mzee alisimama kando ya lango, kofia mkononi, kimya, mpaka mwanamke wa mwisho apite. Mara mbili alipigwa rungu. Alisogea hatua moja akasimama tena. Mkewe alikuwa miongoni mwa waliopekuliwa.

Barua iliomba jambo moja: wapekuliwe na mwanamke, nyuma ya pazia. Niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kuingia darasani. Nilijifunza herufi kwa kupaka namba na majina kwenye magunia, na kwa kusoma vipande vya gazeti vilivyofungiwa sukari. Mwandiko wangu ndio kitu pekee nilichojivunia. Herufi moja ikipinda, niliandika ukurasa mzima upya.

Mzee alikuwa na sharti. Kila mtu, ajue kuandika asijue, aweke dole gumba lake mwenyewe, mchana, akitaja jina lake kwa sauti.

"Kwenye kipande, ile pasi ya serikali, walitushika mkono wakabonyeza," alisema. "Hapa hakuna wa kukushika mkono."

Aliweka lake la kwanza akiwa kitandani. Mimi nilishika kidau cha wino. Alama ilitoka kama tope.

Mikutano ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo baada ya mazishi mjane wake alikaa Jumapili penye bomba la maji, akawapokea watu mmoja mmoja. Akaniletea karatasi ikiwa na alama arobaini na moja. Niliitazama nikaona uchafu mtupu. Wino umesambaa, dole la mmoja limekanyaga jina la mwingine, pembeni kuna tone la uji. Nilimwona kichwani mzungu wa ofisi ya kazi akiishika kwa ncha za vidole.

"Iko sawa?" mjane aliuliza.

"Iko sawa, mama."

Mchana huohuo nilijifungia nikainakili upya. Kurudi bombani niwaambie watu alama zao ni chafu, sikuthubutu. Basi niliweka zangu. Gumba la kulia, la kushoto, cha shahada, cha kati, nikizungusha zisifanane. Zilikaa mstari mmoja kama askari wa gwaride. Karatasi ya kwanza niliichoma kwenye jiko. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Alhamisi nilikwenda na mjane ofisi ya kazi. Mzungu alimpa karatasi karani wake, Mwafrika mtu mzima ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kulinganisha alama za vidole za wafanyakazi. Akaweka kioo chake cha kukuza juu yake.

"Mama, hii watu yote ilizaliwa na mama moja?"

"Wametoka kila mahali. Wengine Kakamega, wengine wamekulia Subukia."

"Basi wamegawana mkono." Akacheka. "Huyu ana kovu. Huyu pia. Na huyu! Walikatwa na kisu moja?"

Mkono wangu, wenye kovu la sindano ya magunia kidoleni, ulikuwa tayari mfukoni. Mjane aliutazama ule mfuko. Mzungu alisema ni fitina ya mtu mmoja, akairudisha karatasi.

Nje, juani, mjane aliuliza polepole, "Ile ya kwanza iko wapi?"

"Niliichoma, mama."

"Na kidole ya mzee?"

Niliutoa mkono mfukoni nikamwonyesha kovu.

"Na jina lako wewe, uliandika mstari gani?"

Hapo ndipo nilipotambua. Vidole vyangu vilijaa karatasi nzima, jina langu halikuwamo. Halikuwamo hata kwenye ile ya kwanza. Nilikuwa nimejiambia kwamba mwandishi haweki sahihi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kufukuzwa kazi.

Jumapili iliyofuata alinisimamisha bombani, niseme mwenyewe kwa kila aliyekuja kuteka maji.

"Karani wa vidole kumi!" mmoja alinizomea.

Mshonaji mmoja hakucheka. "Mimi nilitaja jina yangu askari akisikia. Wewe ukaona ni takataka." Akajitwika debe lake akaenda. Hakuweka dole kwenye barua mpya niliyoandika, na wengi hawakuweka.

Mjane alitaka mstari wa kwanza, uliokuwa wa mzee, ubaki mtupu. Mimi niliweka dole langu mwisho, nikitaja jina langu kwa sauti. Wino ulisambaa. Niliuacha.

Safari hii barua ilipokelewa. Pazia lilikuja baada ya miezi mingi, likiwa limeshonwa kwa magunia ya palepale. Jioni zote za miezi hiyo nilisimama kando ya lango, kofia mkononi, pale aliposimama mzee, na mjane akafungua kanga yake mbele ya askari bila kunitazama hata mara moja.