Kimeo cha Zuhura

Nilipokuwa na miaka kumi, mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba yetu pale Ipuli, Tabora. Baba alijua kusoma, lakini kazi ya kuezeka mapaa ilimweka Urambo mwezi mzima, wakati mwingine miwili. Mama hakupata shule. Kwa hiyo barua, karatasi za shule na hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni yalipita kwangu kwanza, nami niliringa kweli kweli. Nilidhani anayesoma ndiye anayesikilizwa.

Mwaka huo mdogo wangu Zuhura, wa miaka saba, aliamka siku moja akiumwa koo. Hakuwa na mafua wala kikohozi. Alikuwa na homa kali, tezi zimemvimba chini ya taya, na kila akimeza mate machozi yanamtoka. Mama akampeleka zahanati, nami nikafuata nimeshika kadi. Muuguzi alimmulika tochi kinywani, akaona usaha kwenye mafindofindo, akatupa bahasha ya vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano. Juu yake aliandika 1x3, siku 10. Alipogundua kwamba mama hasomi, alinigeukia mimi.

"Wewe unasoma? Haya, soma kwa sauti."

"Kimoja mara tatu, siku kumi."

"Siku kumi. Hata akicheza, hata akiimba, siku kumi. Akiacha katikati, koo hili linaweza kumrudia kwa ubaya. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia. Nadhani sijawahi kusikia jambo vizuri kama nilivyosikia lile.

Siku ya tatu homa ilishuka. Jioni yake bibi, mama mzaa mama, akashuka basi kutoka Lusu, kule Nzega, na galoni la asali kichwani. Kabla hata hajavua kanga ya safari alimwita Zuhura dirishani penye mwanga, akamwambia apanue kinywa. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasonya.

"Hiki ni kimeo," alimwambia mama. "Ona kilivyorefuka. Hospitali hawakioni kwa sababu hawakitafuti."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kila mtu anacho. Kwetu iliaminika kwamba kikirefuka mtoto hukohoa, hukonda, na mwisho kinamziba pumzi. Dawa yake ilikuwa kukikata. Naomba bibi aeleweke, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili kwa maradhi ya koo, zamani, kijijini kwao kukiwa hakuna zahanati. Kila alipotazama kinywa cha mjukuu aliwaona wale wawili.

Kesho yake asubuhi, kabla Zuhura hajapewa kidonge cha siku ya nne, fundi wa vimeo alikuwa ameshaegesha baiskeli yake uani. Nilitegemea mzee wa kutisha mwenye hirizi. Akaja mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, mpole, anayesalimia hata watoto. Aliuliza mgonjwa anatumia nini, mama akamletea ile bahasha. Aliishika kwa vidole viwili na kuiweka mbali naye, mwisho wa benchi.

"Hivi viwekwe pembeni kwanza," alisema. "Dawa ya hospitali inakilaza kimeo. Kikilala kinajikunja, na mimi siwezi kukata kilichojikunja. Nipeni siku tatu kiamke."

"Lakini muuguzi alisema siku kumi," nikasema.

"Watu wazima wanaongea," bibi akanijibu, bila hata kunigeukia.

"Hata akicheza, hata akiimba, alisema. Na imeandikwa." Niliichukua bahasha nikaisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mara ya kwanza hawakusikia.

Mama alimtazama Zuhura, aliyekuwa amekaa mlangoni akila kiporo cha ugali bila taabu yoyote. "Homa si imekwisha?" alisema taratibu. "Tutaviendeleza baadaye. Nenda kachote maji."

Nilikwenda kuchota maji. Mpaka leo nikifungulia bomba hukumbuka maneno yale ya mama.

Adhuhuri, mama na bibi walipokuwa wakiswali, nilipanda kigoda nikaishusha ile bahasha kutoka juu ya kabati. Nilimimina vidonge kwenye sahani nikavihesabu mara mbili. Vilikuwa thelathini, tisa vimetumika, vimebaki ishirini na kimoja. Nilichukua kimoja nikaenda mpaka alipokuwa Zuhura akicheza na mdoli wake wa matambara. Nilisimama pale mpaka jasho la kiganja likaanza kukilainisha, na sikumpa. Ningependa kusema niliogopa kupigwa. Ukweli ni kwamba niliogopa kimeo. Je, kama kweli kinalala na kuamka? Kama nikimpa kidonge hiki, kimeo kikashtuka nusu usingizi, kikamziba pumzi hapa hapa mbele yangu? Nilijua kusoma, lakini nilikuwa mjukuu wa bibi yangu. Nilikirudisha.

Siku ya ahadi fundi alikuja mapema. Bibi alishika kichwa, mama mikono, mimi nikapewa miguu. Ilikuwa miguu myembamba, yenye vumbi la kucheza rede, na ilikuwa na nguvu kuliko nilivyotazamia. Sikuona kisu. Nilisikia sauti moja tu kutoka kooni, kisha bakuli likasogezwa. Fundi akatuonyesha kinyama kidogo juu ya jani, akasema, "Mnaona? Hiki kingewaliza." Bibi alilia kwa furaha. "Wabeja, baba, wabeja," alimshukuru kwa lugha ya kwao, mara nyingi, ameshika mikono yake miwili. Zuhura alinitazama mimi. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Wiki ile ile alikuwa anacheza. Nani angemrudishia dawa mtoto anayecheza? Fundi alipata sifa zote, vidonge vikahamia kwenye kopo la sukari. Jirani aliumwa jino akapewa viwili. Shangazi alitokwa na jipu, kimoja kikafunguliwa na unga wake kunyunyizwa juu. Mimi mwenyewe nilimezeshwa kimoja kwa tumbo la maembe mabichi. Vikaisha hivyo, kwa watu wengi, na Zuhura hakuwa mmoja wao.

Kama wiki tatu baadaye magoti yake yalivimba. Maumivu yakahama, leo goti, kesho kiwiko, keshokutwa kifundo cha mguu, na bibi akasema mtoto ametupiwa kitu kinachotembea. Akachanjwa chale, akafukizwa. Alipoanza kuhema kwa kutembea tu kutoka chumbani hadi uani, baba alirudi kutoka Urambo, akambeba mwenyewe hospitali.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akauliza kitu ambacho mama hakukitarajia.

"Huyu aliumwa koo siku za karibuni?"

"Aliumwa," mama akasema. "Alipewa vidonge."

"Dozi alimaliza?"

Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na mama, kanga yake inanigusa shavuni. Nilihisi anavyovuta pumzi.

"Alimaliza, daktari."

Nikanyamaza. Mimi, msomaji wa nyumba, niliyesoma bahasha kwa sauti kubwa pale ambapo hakuna aliyetaka kusikia, nilinyamaza siku pekee mtu mzima alipouliza kwa kutaka kujua. Daktari akaeleza kwamba mwili unapopigana na vijidudu vya koo la aina ile, wakati mwingine unakosea ukaupiga moyo wenyewe. Vali za Zuhura, vile vilango vya ndani ya moyo, zilikuwa zimeumia, na vali haziponi kama koo.

Zuhura yu hai, namshukuru Mungu. Anaishi Cheyo, mtaa mwingine wa Tabora, anashona nguo, na kila baada ya wiki nne anachomwa sindano ya kuukinga moyo usiumie zaidi. Kilima ambacho watoto wanakikimbia yeye hukipanda kwa vituo vitatu, akijifanya anatazama maduka. Alikataa kuolewa na mtu aliyempenda kwa sababu mtu huyo alitaka watoto, na Zuhura alikuwa ameshaambiwa uzazi ungemweka hatarini. Daktari mwingine aliwahi kuniambia kwamba si kila koo lililoachwa katikati hushuka moyoni, na kwamba hakuna awezaye kuapa kuwa zile siku saba zingemwokoa. Alisema hivyo kunifariji. Haikusaidia.

Mwezi uliopita binti yangu Asia, naye wa miaka saba, aliumwa koo. Mara ya kwanza, mwanzoni mwa mwaka, alikuwa na mafua na kikohozi, tukarudishwa bila vidonge, tukaambiwa kwamba vile haviui mafua. Safari hii hapakuwa na mafua. Palikuwa na homa, tezi na usaha. Walimpima, wakauliza kama amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa yoyote, wakatupa vidonge vya siku kumi.

Siku ya nne Asia alikuwa anaruka kamba. Mama, ambaye sasa ndiye bibi wa nyumba, alimtazama akasema, "Huyu si ameshapona? Vilivyobaki muwekee akiba mdogo wake." Zuhura, aliyekuwa amekuja kutusalimia, aliinuka, akaenda kuchukua kikombe cha maji na kidonge, akamwita Asia, akampa. Tangu siku hiyo alipitia kwetu kila asubuhi kabla ya kwenda kushona, akimpa Asia kidonge kwa mkono wake.

Siku ya kumi jioni alikuja tena kumpa cha mwisho. Asia akameza, akapanua kinywa kumwonyesha shangazi yake kwamba kimekwenda. Kimeo chake kilikuwa pale nyuma, kidogo, kizima, kinacheza kwa pumzi. Zuhura alikitazama, kisha akakunja bahasha tupu na kuiweka mezani.

Mama alikuwa amekaa mkekani, tasbihi mkononi. Aliitazama bahasha ile.

"Vile vilikuwa ishirini na kimoja," akasema.

Zuhura alikaa karibu naye, akamlalia begani kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mama akaiweka tasbihi chini, akamshika mkono. Miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu niliyepanda kile kigoda. Kumbe mama asiyejua kusoma alikuwa amehesabu, na amekuwa akihesabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujua la kufanya na ile hesabu.