Kadi za Sista Mishipa

Msusi wa nyumba ya pili ndiye aliyeniletea habari kwamba Sista Mishipa amefukuzwa wodini. Alikuwa ananisuka, mwanangu ananyonya, na kwa kuwa kichwa changu kilikuwa mikononi mwake sikuweza hata kugeuka kumtazama usoni. Alisema wamemkuta na makosa, wamemrudisha darasani kama mtoto, ndiyo maana kila jioni anaonekana kibarazani na vitabu. "Mtu mzima hasomi bure, shoga," akasema, akivuta msuko hadi machozi yakanitoka.

Sikubishana naye. Lakini Sista nilikuwa namjua. Kwa miezi minane nilimpeleka mama mkwe wangu kwenye wodi ya saratani, kila baada ya wiki tatu, na ni yeye aliyemtundikia dawa. Jina la Mishipa alipewa na wagonjwa. Mshipa ulioshindikana kwa wauguzi watatu, yeye aliufunga mpira, akaugonga kwa kidole mara mbili, akausemesha: "Toka nje tukusalimie, usione haya." Mgonjwa anacheka, kumbe sindano imeshaingia.

Kesho yake nikaenda kumuuliza mwenyewe. Akacheka sana. Hakufukuzwa na mtu. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa ubingwa wa uuguzi wa saratani, kwa hiari yake, baada ya miaka kumi na saba ya kuifanya kazi hiyo hiyo. Mshahara hautapanda, cheo kitabaki kile kile. Wenzake walimuuliza kama hicho cheti atakivaa kichwani. Muuguzi mmoja mdogo, aliyefundishwa naye, alimwambia, "Sista, wote tumejifunza kwako. Nani atakusahihisha?" Alinisimulia hayo kwa mzaha, ila niliona kwamba neno hilo lilimkaa moyoni. Hakuwa na uhakika kama anapoteza muda wake. Mara mbili alisema ataacha. Wagonjwa hawaombi cheti, alisema, wanaomba mshipa.

Shida yake ilikuwa kwamba akisoma peke yake, usingizi unamchukua. Kwa hiyo alikata maboksi matupu ya glavu akatengeneza kadi, swali upande mmoja, jibu upande wa pili, na aliziandika kwa Kiswahili ili nimsomee mimi. Nikamwambia nimeishia shule ya msingi. Akasema ndiyo maana ananitaka. "Daktari nikimjibu kwa maneno makubwa ataitikia kwa kichwa. Wewe utaniuliza maana yake."

Basi ikawa kila akitoka kazini tunakaa kibarazani kwake, mtoto juu ya mkeka. Nilijifunza mengi. Nilijua kwa nini wauguzi wawili husimama mbele ya mgonjwa wakisomeana kwa sauti jina lake na jina lililoandikwa kwenye mfuko wa dawa. Mimi siku zote nilidhani hawaaminiani. Kumbe ndivyo inavyotakiwa, wasiaminiane.

Wiki ya tatu nikavuta kadi iliyouliza: dawa ikivuja nje ya mshipa, ukishasimamisha dripu, unaweka nini mahali pale? Hakuningoja nimalize.

"Barafu."

Nikageuza kadi. Nikasoma mara mbili, kwa kuwa nilidhani nimekosea mimi. Nikamwambia hapana, inategemea dawa. Nyingine ni barafu, ila kuna kundi la dawa, na majina matatu yameandikwa, hizo unakanda kwa joto, na barafu inazidisha madhara. Akasema nimesoma vibaya. Nikampa kadi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Alinakili kutoka kitabuni huku mawazo yake yakiwa mbali, kama mtu anayeandika barua ya mwenzake.

Aliingia ndani akarudi na kitabu, kidole kiko kwenye mstari. Akakaa. Kisha akanieleza kwamba juu ya kabati la dawa kuna karatasi aliyoibandika mwenyewe mwaka wake wa kwanza, kama alivyoelekezwa na sista aliyemtangulia: dawa ikivuja, barafu. Kila muuguzi aliyekuja baadaye ameikuta pale.

Mimi mawazo yangu yalikuwa yameshafika kwa mama mkwe. Safari ya nne dripu ilimvujia mgongoni mwa mkono wa kulia. Sista alikaa naye, barafu ndani ya kitambaa, akaishikilia mwenyewe nusu saa nzima, na nyumbani tulimsifu mpaka basi. Baadaye mkono ukafumuka kidonda. Kilipopona, vidole viwili havikukunjika tena. Mama mkwe alikuwa mshonaji, na cherehani yake sasa imefunikwa shuka. Yeye husema ugonjwa umechukua vidole ukamwachia roho, biashara si mbaya.

Sikumtaja. Sista ndiye aliyesema, "Siku ile ilikuwa dawa hii ya pili."

Nikamwambia alifanya alivyofundishwa.

"Ndiyo. Halafu nikafundisha na mimi." Akaikunja ile kadi, akaikunjua. "Labda hata joto lisingeviokoa vidole vyake. Sijui. Ila sikumpa."

Asubuhi iliyofuata aliibandua karatasi kabla madaktari hawajapita. Akamwambia mkuu wa wodi, akawaambia wenzake wote wakiwa wamesimama. Yule muuguzi mdogo ndiye aliyeandika karatasi mpya, majina ya dawa kwa safu mbili, na hakuna aliyetania. Habari ya mama mkwe, mkuu wa wodi alimshauri aiache. Mgonjwa amepona, faili limefungwa, ya nini kufukua.

Jioni Sista alikuja kwangu na sare yake, hakupita kwake kwanza. Nilijua kinachomsumbua, kwa sababu mama mkwe anampenda kuliko anavyowapenda wanawe wa kuzaa. Hakuna wiki asiyonituma salamu kwake. Ili tu nipate la kusema, nikamuuliza kama mtihani bado ataufanya.

"Nitaufanya. Sijui ni kadi ngapi nyingine ninazozijibu haraka hivyo."

Akamchukua mtoto, akamweka begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua. Akaniuliza mama mkwe huamka saa ngapi akishapumzika mchana. Nikamwambia saa kumi.

"Twende wote kesho. Nitamwambia mwenyewe. Namjua yule mama, atataka kunisamehe kabla sijamaliza kusema. Wewe kaa naye karibu. Na tafadhali, mdogo wangu, usinitetee."