Mtutu Aliougeuza Upande Wake

Mlio wa bunduki ulitoka mtumbwi ulipogonga ukingo, upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, na polisi aliyeketi mbele yangu akalala juu ya magoti yangu kama mtu aliyechoka. Mama mmoja alimpapasa mtoto wake kichwa, tumbo, mgongo, akitafuta jeraha. Damu ilikuwa ya yule polisi. Wasomaji wangu, mlisikia kwenye redio kwamba askari mmoja amekufa kwa ajali ya silaha. Ndiye huyo. Mpaka leo mlango ukibamizwa, mimi ninajikuta nimechuchumaa.

Hatukuwa marafiki wa kunywa pamoja. Mimi ninatengeneza baiskeli pale watu wanapovukia, shule niliiachia njiani. Yeye alilinda wanaovuka. Siku moja aliniomba kipande cha mpira wa ndani ya tairi. Nikamuuliza baiskeli iko wapi. Akacheka, akanionyesha bunduki. Kisanduku cha risasi kilikuwa hakishiki tena, kitako cha mbao kimepasuka. Mpira mweusi ulikuwa umeisha, nikaifunga kwa mwekundu. Haikuwa yake peke yake: asubuhi anaipokea kwa mwenzake, jioni anampa mwingine, na wote walijua ugonjwa wake. Ukiigonga kidogo, inaweza kupiga yenyewe. Alikwenda kumwambia kamanda wa kituo. Kamanda akamjibu kwamba kama anaiogopa aache kazi, wanaoitaka ile kofia ni wengi.

Akabaki, akazoea jambo moja. Akiingia mtumbwini, anasimamisha bunduki katikati ya magoti na kuuinamisha mtutu upande wake, chini ya kidevu. Nikamtania nikimuuliza kama amechoka kuishi.

“Papa, hii kitu iko muzee kuliko miye, inaweza kulamuka mu usingizi na kupiga saa yote,” akasema. “Alors, iniangalie miye, isiangalie batoto ya batu.”

Nilicheka, bon, tulicheka wote wawili.

Tumezoea kuogopa mwizi, na watu wa porini wenye silaha. Hakuna aliyetufundisha kumwogopa anayekaa karibu yetu kutulinda, naye mwenyewe akitetemeka kuliko sisi. Wakubwa wanapita na magari ya vioo vyeusi, na kwa askari wao hakuna hata msumari wa kushika kitako. Kisha mjane wa yule polisi alipokwenda kudai haki yake, kamanda yuleyule alimwambia: “Mama, bwana yako alijielekezea silaha yeye mwenyewe. Ile ni bujinga yake.” Jambo lililotuokoa sisi tuliokuwa mtumbwini, leo limekuwa kosa la marehemu, na watoto wake watalibeba.

Juzi nilivuka tena. Mbele yangu alikaa polisi mwingine, mgeni, anasinzia, bunduki juu ya mapaja. Nikaona mpira wangu mwekundu kwenye kitako. Bunduki ni ileile, wameuosha damu tu. Mtutu ulikuwa unatazama tumbo langu, na mawimbi ya baleinière, boti kubwa ya mbao yenye injini, iliyopita yakaanza kututikisa. Sikuthubutu hata kumwamsha.

Gazeti limenikataza kuandika majina, basi nawataja kwa viti vyao: kamanda wa kituo aliyeambiwa akadharau, na mkuu wa ghala la silaha aliyeitoa tena bunduki hiyo. Msitujibu kutoka ofisini. Shukeni hapa majini, ingieni mtumbwini, kaeni pale ninapokaa mimi, mtutu ukiwatazama, halafu mumwambie yule mjane kama mume wake alikufa kwa ujinga wake mwenyewe, na ni nani aliyemuua.