Supu ya Kamongo Niliyoiandika Migori

Siku yangu ya kwanza kazini, Homa Bay, miaka ya tisini, Afisa Lishe wa Wilaya alinikabidhi mizani, utepe wa kupimia mkono wa mgonjwa anayekonda, na onyo. "Kijana, hapa hatutibu saratani kwa chakula. Tunamlisha mgonjwa ili dawa isimwangushe. Ukimwahidi mtu kwamba mboga zitamponya, utanikuta mlangoni na barua ya kukufukuza." Afisa yule alikuwa mama mkali, nami nilimwogopa hadi akastaafu.

Watu walikuja na vidonge vya vitamini kutoka soko la Rodi Kopany wakidhani vinatosha. Tuliwasihi waache sigara na chang'aa, wale vizuri, wasikimbie dawa.

Kosa langu nililifanya nilipohamishiwa Migori. Mama Akinyi, mjane muuza nyanya, alikuwa na saratani ya titi. Daktari Msimamizi aliniambia wazi: "Dawa ya saratani ya kupitishia mshipani ni kali. Mwezi ujao nikimkuta amepungua uzito, siianzishi. Itamuua." Nikamwandikia supu ya kamongo kila siku, maana ni samaki wa ziwani anayetia nguvu, na vidonge vya vitamini juu yake. Akaitikia, "Ndiyo, daktari," ingawa sikuwa daktari.

Wiki ya kwanza alipungua kilo moja. Ya pili, nyingine. Nikakosa usingizi, nikamwongezea kamongo kwenye karatasi, akaitikia tena. Wiki ya tatu viatu vilikuwa vikimvuka miguuni. Kwa hofu nikamfokea bintiye, Akinyi, kwamba hampikii mamake.

"Nimpikie nini?" Akinyi alinijibu. "Sisi ni Wasabato, daktari. Kamongo hana magamba, hatumli. Mama anameza tu hizo vitamini zako na chai. Anaogopa kukukatalia."

Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama. Nikaandika upya: ngege, samaki mwenye magamba, maharagwe, uji wa karanga. Kilo zilirudi, lakini polepole, na dawa ikaanza miezi miwili baada ya siku iliyopangwa. Kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umeingia mapafuni.

Nilimwomba Mama Akinyi radhi wodini. Akanishika mkono. "Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "ungeniuliza, ningekuambia." Tulimzika kabla ya mvua za masika.

Sasa nimestaafu, niko Rongo. Maafisa lishe vijana hupita kunisalimia na kunisimulia wagonjwa wao. Wakiniambia mgonjwa aliitikia kila kitu bila ubishi, huwauliza kama walimuuliza anakula nini nyumbani.