Udi wa Nyumba Nyingine

Harufu ya udi ndiyo iliyotaka kuivunja nyumba yetu ya Mambrui. Si udi wa mama. Huo niliujua kabla sijajua jina langu, una karafuu na mawardi. Huu ulikuwa na ambari na sandali, na ulitoka ndani ya kitabu alichokuja nacho baba baada ya sala ya Alasiri. Alimpa mama akisema, "Shekhe amekuazima." Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akanusa, akakifunga. Siku ile wali uliandaliwa ukiwa baridi.

Msikiti wetu ulikuwa na kabati la vitabu vya wakfu, na miaka yote vilisomwa na wanaume, pale pale msikitini. Mwaka ule shekhe mpya akasema aliyeviweka wakfu aliwawekea Waislamu, wala hakutaja wenye kanzu peke yao. Basi vitoke, viwafikie wanawake majumbani. Watu hawakupenda. Zama zile Waingereza walikuwa wakihesabu nyumba za watu ili watoze kodi, na chochote kilichobisha mlangoni bila kuitwa kilitiliwa shaka. Tena wanawake wa kwetu hawaweki kitabu hivi hivi. Hukifukiza kwenye chetezo kama nguo ya Idi, kwa heshima na kwa kufukuza mende. Na kila nyumba huchanganya udi wake, hata mwanamke akipita kichochoroni ukajua ametoka kwa nani.

Mama hakulia wala hakugomba. Alifanya baya zaidi: alianza kukunja nguo zake ndani ya kasha, tayari kwenda kwa kaka zake Malindi. Pafukapo moshi hapakosi moto, aliniambia, na moshi wenyewe ndio huu. Kisha akaninusisha kile kitabu vizuri, akanituma nikawaamkie majirani mmoja mmoja, na nivute pumzi. Niliogopa sana. Nilijua wazazi wakiachana huenda nikabaki kwa baba, na baba hajui kusuka nywele. Nikapiga hodi huku na huko, mdomo ukisema shikamoo, pua ikipeleleza. Kwa Bi Zuhura, mjane mzuri aliyekwisha kutoka edani, nilivuka kizingiti tu nikatamani kurudi nyuma. Nilifikiri kumdanganya mama, lakini uso wangu haujawahi kuficha kitu.

Mama akavaa buibui, nami nyuma yake. Tulimkuta Bi Zuhura akipepeta mchele. Mama aliweka kitabu mbele yake.

"Bi Zuhura, hiki kimenukia kwako."

"Kimekaa kwangu mwezi mzima, kwa nini kisinukie? Aliniletea mke wa shekhe, maana mie sina mume wa kunichukulia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekirudisha kwa mumewe. Nami nilipokipokea kilinuka samli. Nikajua amekisoma jikoni."

Akafungua ukurasa, na samli yenyewe ipo, tone la manjano lililopenya karatasi. Mama aliinama akalinusa.

"Mke wa shekhe amejieleza," akasema. "Mume wangu bado."

Lakini alikaa. Bi Zuhura akamuuliza amefika wapi, na mama, ambaye kwa hasira hakuwa amesoma hata mstari, akasema bado yuko mwanzo. Wakaanza kusoma kwa sauti tenzi za mitume, mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anapokea, mpaka adhana ya Magharibi. Kesho yake nguo zilitoka kashani. Tangu hapo vitabu vilikwenda nyumba kwa nyumba bila kungoja waume, na mama akipata kimoja hukinusa kwanza, akatabasamu akimtambua aliyekisoma kabla yake. Kanzu ya baba nayo aliendelea kuinusa hadi mwisho, bila kutabasamu.

Siku hizi Malindi kuna maktaba, ina viti na kibao cha kuamrisha watu wanyamaze. Mjukuu wangu huniazimia vitabu huko. Ndani mna mihuri ya tarehe ukurasa mzima, ishara kwamba watu wengi wamevisoma, lakini nikivipeleka puani nasikia gundi na vumbi. Nafurahi kwamba wanasoma. Nasikitika pia, kwa kuwa simjui hata mmoja wao, na kitabu kilichopita kwa watu wote hao kisinuke nyumba ya mtu, mimi nakitilia shaka. Kwa hiyo kabla hakijarudishwa nakiweka kwenye chetezo, nakifukiza kwa karafuu na mawardi. Atakayekichukua baada yangu, na akagombane na mumewe.