Chumba cha Juu Nilichomchagulia Mama

Siku niliyoingia ofisi ya wakala wa safari pale mjini Morogoro naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyojifanya mjuaji mbele ya binti aliyetaka kunisaidia. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Usicheke. Kwetu Waluguru, mbele ya mjomba wako wewe ni kijana hata ukiwa na mvi, na mimi mvi sikuwa nazo bado.

Jana nimekusikia ukisema unataka kuwapeleka wakwe zako kwenye meli ya utalii, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kulala baharini. Ukanionyesha picha kwenye simu, unapitisha kidole haraka mpaka nikapata kizunguzungu. Hebu iweke pembeni kidogo hiyo simu.

Bibi yako, mama yangu, alibeba kabichi na karoti kichwani kutoka kijijini kwetu mlimani hadi sokoni Mlali tangu akiwa msichana. Magoti yakamwisha. Siku moja nikamuuliza anatamani nini, akanijibu bila kufikiri: "Nataka nikae kwenye kiti, nisibebe kitu, niangalie bahari mpaka nichoke mwenyewe." Nikamwahidi. Baadaye nikasikia habari za meli itakayotoka Dar es Salaam, ikae baharini siku nne ikipita visiwani, kisha irudi. Nikasema hiyo ndiyo yenyewe.

Ofisini yule binti akanigeuzia kompyuta. Meli ilikuwa imechorwa ghorofa kwa ghorofa, vyumba vimebanana kama sega la nyuki. Akaniuliza nataka chumba cha ndani au chenye dirisha, cha mbele au cha katikati, cha chini au cha juu, na chakula tule zamu ya kwanza au ya pili. Kila swali lilinichanganya kuliko lililotangulia. Hata mbele ya meli sikujua ni upande upi wa ile picha, lakini nilitikisa kichwa kana kwamba naelewa.

"Kaka, kuna msafiri mwenye shida ya miguu?" akaniuliza. "Au anayetapika akipanda gari?"

Magoti ya Mama nilikuwa nayajua. Nilijua pia kwamba kila tukishuka na gari kwenda mjini hutapika. Lakini nikaogopa nikisema watamkataa, au binti ataona watu wa milimani hawafai meli. Nikamwambia, "Hapana dada, wote wazima. Tupe cha juu kabisa, huko mbele."

Uone nilivyofikiri. Kwetu mlimani juu ndiko kuzuri. Maji ya juu ni safi, hewa ni nzuri, na mvua ikiporomosha udongo wanaoumia ni wa chini. Kwa hiyo mimi na Mama tukawa juu. Mjomba, kaka yake Mama, aliamua kusafiri nasi ikiwa imebaki wiki moja, akapata kilichobaki: kijichumba cha chini, katikati ya meli, hata dirisha hakina. Niliona haya kumweka mkubwa wa ukoo mahali kama pale.

Saa ya kwanza Mama alikisifu kitanda. Meli ilipoingia bahari kuu, chumba chetu kikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Mama akatapika. Akaniambia nifunge pazia, maana akiona maji yanainuka dirishani tumbo linamgeuka.

Nikatoka kutafuta limau la kumtuliza, na wakati wa kurudi nikapotea. Mimi, mwanangu, ambaye sijawahi kupotea milimani hata kwenye ukungu! Kwetu miguu ikipanda unajua unakwenda nyumbani, ikishuka unakwenda Mlali. Melini kila korido ni tambarare na milango yote inafanana. Nilizunguka na limau mkononi, nikagonga milango ya wageni watatu, kila nikigeuka sijui nimetoka wapi. Karatasi yenye namba ya chumba nilikuwa nimeiacha kwa Mama. Mfanyakazi mmoja aliponishika mkono na kunirudisha, nilimkuta Mama amelala sakafuni, ati sakafu ina nafuu kuliko kitanda.

"Nisamehe, baba," akaniambia. "Nakuharibia safari yako."

Maneno yale yaliniuma, na bado sikuelewa kosa liko wapi. Nililaumu samaki tuliokula, nikalaumu bahari. Daktari wa meli alitupa dawa, akasema ingefaa kumezwa kabla ya kuondoka. Mjomba akiniuliza namwambia Mama anapumzika tu. Usiku wa tatu, ule wa mwisho, hakuniamini, akapanda mwenyewe. Alipoingia ikabidi ashike mlango.

"Mbona huku kunarushwa hivi? Kwangu hata chai haimwagiki kikombeni. Nani alichagua hapa?"

"Mimi, Mjomba."

"Ulimuuliza mama yako? Ulimwambia huyo wakala kwamba dada yangu ana magoti mabovu na gari linamtapisha?"

Nikainama kuokota limau lililokuwa likibingirika sakafuni.

"Ulitaka uonekane unajua. Haya, mbebe tumshushe."

Kwenye kitanda cha Mjomba, Mama alilala fofofo. Alipoamka meli ilikuwa imeshatia nanga Dar es Salaam. Viti vya nje vilikuwa vingi, vimepangwa vizuri vikitazama maji, na yeye hakukalia hata kimoja.

Tulipofika nyumbani majirani wakajaa uani, wanataka habari za bahari. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaketi mkekani, akaanza kusimulia. Jinsi alivyokaa nje asubuhi bila kubeba kitu, samaki wakirukaruka kando ya meli, maji yakibadilika rangi jua likipanda. Alisimulia vizuri mpaka watu wakasogea karibu. Kila neno lilikuwa la Mjomba, aliyempa habari hizo kwenye basi tukirudi.

Mjomba akaniinamia sikioni. "Unasikia? Anakufichia aibu yako."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Baadaye nilimsihi turudie safari, akasema magoti hayawezi tena. Amezikwa pale mlimani, na kijiji kizima kinaamini aliiona bahari. Hata wewe umekua ukiamini hivyo.

Basi, mwanangu, kabla hujabonyeza chochote kwenye simu hiyo, nenda Dakawa ukaketi na wakwe zako. Waulize wanataka kuona nini, na nini kinawauma, hata kama kukiuliza ni aibu kidogo. Yote hayo umwambie wakala, na pale usipoelewa sema huelewi. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo. Chukua chumba cha chini, karibu na katikati ya meli. Dawa ya kichefuchefu wameze mapema. Majina kwenye tiketi yawe kama yalivyo kwenye pasi zao za kusafiria, na mfike Dar siku moja kabla, kwa sababu meli haimsubiri mtu. Mengine siyajui. Hadi leo ukinipa picha ya meli sikuonyeshi mbele yake ni wapi.

Mungu awatulizie bahari, awatoe salama na kuwarudisha salama. Na wakwe zako wakirudi Dakawa, wawe na ya kwao wenyewe ya kusimulia.