Chetezo Cheupe cha Bi Mejumaa

Mpaka leo nikisimulia kisa cha jirani yangu Bi Mejumaa, mwili hunisisimka. Alikuwa mfinyanzi wa vyetezo hapa Majengo. Mwaka wa pili baada ya uhuru, Bi Sheikha wa Ndia Kuu alimwagiza chetezo cha kufukizia nguo za bintiye, bibi harusi. Mejumaa aliitaka kazi ile kwa roho yake yote, maana wateja wake walikuwa wakihamia vyetezo vya shaba mmoja mmoja.

Basi Barnabas, mpagazi wa bandarini, akamletea udongo wa Ulaya, waliopewa wapagazi gunia lilipopasuka. Mweusi tititi, laini kama samli. Mejumaa akautia menoni, hauna chembe ya mchanga. Akauviringisha mwembamba, akaupinda kidoleni, haukukatika.

"Huu hautaki kutiwa mchanga wala vigae vya kutwanga," akasema. Nami nikamuunga mkono, mjuaji mimi!

Chetezo kilisimama kizuri ajabu. Kukauka tu, kikanywea, kikapasuka mbavu. Akaulowesha udongo, akafinyanga kingine, akakiweka kivulini, nacho kikapasuka vile vile. Kwa hasira akatupa kipande kimoja katika moto wa makumbi ya nazi. Lahaula! Udongo ule mweusi ulitoka motoni mweupe kama unga wa muhogo.

"Lazima nimpelekee Bi Sheikha chetezo cheupe hivi," Mejumaa akasema. "Lakini huu wanywea mno. Wataka vigae vilivyoiva sawasawa, viushike; hivi vyangu havijaiva hivyo."

Akaingia ndani, akatoka na chungu chekundu cha marehemu mamake, kilichopikiwa miaka na miaka. Hakuachiwa kitu kingine. Kabla sijafumbua kinywa, akakivunja kinuni, akaanza kutwanga.

Nilipiga ukelele. "Mejumaa! Umeingiwa na nini, mwanamke wee?"

Alizidi kutwanga huku analia.

Chetezo cha tatu kilikauka kizima, kikaiva kizima. Bi Sheikha alikigeuzageuza mikononi.

"Mashallah! Na hivi vidoto vyekundu n'nini, Bi Mejumaa?"

"Ni chungu cha mamangu. Bila yeye kisingesimama."

Bi Sheikha nusura akiachie. Alikaa kitako pale pale kizingitini, akakipakata. Siku ya harusi jamaa zake waligombania kukibeba chetezo kile, akawakatalia wote. Alimwita Mejumaa, akampa yeye akibebe, atangulie mbele ya bibi harusi.